Kusema "Mageuzi" Kenyatta Market

Dada yangu anasuka nywele Kenyatta Market, na kitabu ninachoandika kilianzia vidoleni mwake. Jumamosi nilikuwa niisome sura ya kwanza mbele ya watu huko Westlands, na nilitaka aje. Hajawahi kuja kunisikiliza. Ana wateja, ana kwaya, ana nguo za kufua. Safari hii niliamua kumsomea kwanza nikiwa kitini pake, nikisukwa rasta. Akijisikia mle ndani ya sura, nilijiambia, atakuja tu.

Sura yenyewe inasema kwamba zamani sana, kabla ya lugha, viumbe waliotuzaa walishinda wakichambuana manyoya, na kwa kuchambuana wakajua nani ni wao. Makundi yalipokua, mikono haikutosha. Ndipo, wanavyokisia baadhi ya wataalamu, sauti ikaipokea kazi ya vidole. Nikaandika kwamba umbeya ni mkono mrefu, na kwamba saluni ni mahali ambapo vidole na umbeya bado vinafanya kazi pamoja. Nilipoyaandika hayo chumbani kwangu Kinoo nililia kidogo, kwa jinsi ninavyompenda.

Kenyatta Market husukwi na mtu mmoja. Dada alishika upande wa kulia, mwenzake wa kibandani akashika wa kushoto. Nikafungua simu, nikaanza. Sentensi ya kwanza ilikuwa na neno mageuzi.

"Ngai! Mageuzi?" mwenzake akadakia. "Hata wewe unasimama? Unataka ubunge?"

"Si hayo ya siasa."

"Basi ni gani?" dada akauliza.

Sikuwa na neno lingine. Hili moja wanasiasa walishalichukua. Ukilitamka Nairobi, watu wanatazama huku na huku kutafuta fulana za bure. Nikajaribu kuzunguka. Nikamwambia akili yetu ilijengeka polepole, kizazi baada ya kizazi, tangu viumbe wa kale waliofanana na nyani.

Vidole vya dada vikasimama.

"Nyani?"

"Waliofanana na..."

"Umeniweka kwa kitabu kama nyani?"

"Sisi sote, dada. Hata mimi."

"Wewe jiweke. Mimi niliumbwa."

Ningenyamaza hapo. Badala yake nilikimbilia penye uzuri, nikasoma kwa sauti ya jukwaani: walivyokaa juani wakitoana chawa, kwa upole uleule wa dada yangu.

Mteja wa kibanda cha pili akainua kichwa. "Chawa? Kwani hapa kuna chawa?"

"Hakuna, mami, kaa tu!" dada akasema haraka. "Huyu ni mdogo wangu. Anaandikanga vitabu." Alitamka vitabu kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo. Kisha akaniinamia sikioni. "Zima hiyo simu."

Nikaizima. Kuanzia hapo alisuka kwa hasira, akivuta hadi machozi yakanilenga, na mwenzake akaendelea upande wake kwa starehe, akicheka peke yake. Kilichoniuma zaidi ya kichwa ni kwamba yote niliyoyaandika yalikuwa yakitokea pale pale mbele yangu. Akili iliyolelewa kwenye kundi husikia tusi kabla ya kusikia sentensi, kwa sababu kudharauliwa mbele ya wenzako kuliwahi kumaanisha kubaki peke yako. Nilimwelewa kabisa. Lakini ningemwelezaje? Ningeanza na neno lilelile.

Walipomaliza, dada alinifunga taulo shingoni nisiungue, akachovya ncha za rasta kwenye maji moto zisifumuke.

"Jumamosi utakuja?"

"Nije nionyeshwe kwa watu?"

"Mimi nitakuja," mwenzake akasema. "Kama kuna chai na samosa."

Dada hakucheka. Akanipa kioo. Upande wa kushoto rasta zililala vizuri. Upande wa kulia zilikuwa zimekazwa hadi jicho limeinuka, nikaonekana kama mtu anayeshangaa nusu.

"Na huko Westlands," akasema, akifagia nywele miguuni pangu, "wakikuuliza umesukwa wapi, usiseme ni hapa."