Nilidanganya Kuhusu Daraja, Ndugu Yangu Akakosa Mke

Kosa ni langu. Natanguliza hivyo ili nisije nikajisahau katikati nikaanza kumlaumu ndovu, maana kuna ndovu humu ndani, na kwa miaka mingi nimemtumia vizuri sana kubeba lawama.

Majina nimebadilisha. Langu sitaji.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wamezaliwa na miguu ya kutembea, mimi nilipewa makalio ya kukaa. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikarudi kwetu kando ya Nyeri, nikashika kahawa ya marehemu baba na ng'ombe wawili. Safari yangu ndefu ilikuwa ya kupeleka kahawa kiwandani na kurudi. Shangazi yangu, tuliyemwita Tata Nyambura, alipenda kunitania mbele ya wageni: "Huyu ukimfukuza mlangoni ataingia dirishani."

Nilikuwa nacheka pamoja nao. Lakini ndani kuna kitu kilikuwa kinanila. Kila asubuhi niliuona Mlima Kenya nikiwa nakamua, upande ule ule mmoja. Waliotembea walisimulia jinsi magari ya watalii yanavyosimama Naro Moru kupiga picha, jinsi Nanyuki kulivyo na kibao cha ikweta, na jinsi ukishapita Timau unavyoweza kukuta ndovu wanavuka barabara kama ng'ombe wa kwenda josho. Nikatamani kuuona mlima huo kwa mgongo wake, angalau mara moja.

Kusema hivyo niliona haya. Mwanamume mwenye mke na watoto watatu atamwambia nani ati ampeleke matembezi? Wakati huo, miaka ile ya sabini, kwetu matembezi yalikuwa ya wazungu na wanafunzi. Mtu mzima alisafiri akiwa na sababu, nayo ilikuwa msiba, hospitali au posa.

Basi sababu ikaja. Mdogo wangu Kariuki, fundi seremala, kijana mpole asiyejua hata kubishana bei, alipata msichana Kianyaga. Anaitwa Wambui. Sijawahi kumwona Kariuki akipenda kitu kama alivyompenda yule msichana. Alishatengeneza kitanda, kabati na meza, akavifunika kwa magunia asiruhusu mtu kuvigusa.

Shida ilikuwa baba ya msichana, mwalimu mstaafu, mtu wa saa ya mkononi. Siku ya kwanza tuliyopangiwa kupeleka ruracio, yaani mahari, tulifiwa, na taarifa yetu ikamfikia imechelewa. Akatuma neno: Jumamosi ijayo, saa sita mchana, na hiyo ndiyo ya mwisho, kwa sababu kuna watu wa Embu nao wamebisha hodi kwa binti huyo huyo.

Kutoka kwetu mpaka Kianyaga kwa kupitia Karatina si mbali. Ukitoka baada ya chai unafika kabla hujasikia njaa.

Ijumaa adhuhuri Mjomba Gathogo alikuwa anafunga kamba kwenye pikapu yake. Yeye ndiye aliyekuwa dereva, na ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Nikaja kutoka dukani, nikasimama, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Mjomba, ati daraja la kule chini ya Karatina limekatika."

"Nani amesema?"

"Watu wa lori. Wamerudi na mizigo yao."

Akaniangalia. Angekuwa mtu mwingine amesema hivyo, angetuma mtu kwenda kuulizia. Lakini mtu asiyetoka nyumbani ana faida gani akidanganya kuhusu barabara? Akatikisa kichwa tu.

"Basi itabidi tuzunguke mlima. Nanyuki, Meru, Embu, tutokee Kianyaga. Ni mbali kiasi gani? Wewe ndiye umesoma, hebu pima."

Nikaleta atlasi yangu ya shule. Katika atlasi ile Mlima Kenya ni mdogo kama kucha ya kidole. Nikapima kwa kidole gumba, nikapiga hesabu, nikasema saa nne, tano tukienda polepole. Nilikuwa nimepita jiografia vizuri sana. Kitu ambacho atlasi haikunionyesha ni kwamba kutoka Meru mpaka Embu barabara ilikuwa ya udongo, na inashuka na kupanda kila mto.

Tuliondoka kabla ya jua kuchomoza. Mbele walikaa Mjomba na Tata Nyambura. Nyuma tulikaa mimi na Kariuki, pamoja na vibuyu viwili vikubwa vya muratina, pombe yetu ya asali ambayo bila hiyo wazee hawafungui mdomo wa posa, debe la asali, mikungu ya ndizi na mzigo wa miwa.

Naomba Mungu anisamehe, lakini asubuhi ile nilikuwa na furaha. Pale Naro Moru mawingu yaliachana, mlima ukatokea wote, mweupe juu. Nikagonga kioo, Mjomba akasimama.

"Kuna nini?"

"Nataka kujisaidia."

Sikujisaidia. Nilisimama kwenye nyasi nikautazama. Nanyuki nikagonga tena, nikaenda kusimama chini ya kibao cha ikweta, mguu huku na mguu huku. Tata Nyambura akanipigia kelele dirishani: "Wewe kibofu chako kimeanza kusoma vibao?"

Tukanywa chai hapo Nanyuki. Kwenye benchi letu alikuwa amekaa mfanyabiashara wa ng'ombe, mzee wa kofia ya kufuma, akatusalimia na kuuliza tunakwenda wapi na mzigo mzuri hivyo.

"Kianyaga," Mjomba akasema.

"Kianyaga mnapitia huku? Mbona mnamzunguka mtu aliye mbele yenu?"

"Daraja la Karatina limekatika."

"Lini? Mimi jana jioni nimevuka pale na ng'ombe kumi na wawili, na hakuna hata mmoja aliyelowa."

Mjomba akanigeukia. Kariuki naye akanigeukia, ameshika kikombe hewani. Hapo ndipo ningeweza kusema. Ilikuwa bado mapema. Tungegeuza gari na tungefika. Wangenicheka mwaka mzima, basi.

"Labda limekatika usiku, mzee," nikasema. "Hawa wa lori nimewasikia kwa masikio yangu."

Yule mzee akainua mabega. "Haya. Maji hayana adabu. Safari njema."

Tukaendelea. Kariuki alikuwa ananiuliza saa kila baada ya muda kidogo, na mimi ndiye niliyekuwa na saa. Nilianza kumpunguzia dakika ili asiwe na wasiwasi.

Katika msitu wa kabla ya Meru, ndovu alikuwa amesimama kando ya barabara, anakula majani bila haraka. Mjomba akapunguza mwendo, akasema tutapita taratibu bila kupiga honi. Nikagonga kioo.

"Simama kidogo tu, Mjomba. Dakika moja."

"Huyo si mbuzi, bwana."

"Dakika moja."

Akasimama. Nikashuka, mimi, mtu ninayeogopa jogoo wa jirani. Nikasogea nimwone vizuri. Kariuki akashuka kunivuta shati arudi nami. Tulipogeuka tukaona ndovu wengine wawili wametoka msituni, wako nyuma ya pikapu, na mmoja ameinua mkonga ananusa ndizi zetu.

Mjomba na Tata walitoka kwa mlango mmoja sijui namna gani. Tukajikuta wote wanne kwenye mtaro, matope mpaka magotini, nguo za posa.

Hakuna tulichoweza kufanya. Hilo ndilo ninaloliota mpaka leo. Walikula kwa utulivu, kama watu walioalikwa. Walivuta miwa kwa mafungu. Walishusha mikungu ya ndizi mmoja baada ya mwingine. Kibuyu cha kwanza kilianguka kikapasuka, na cha pili kikakanyagwa. Harufu ya muratina ikatufikia mtaroni.

"Waambieni ni ya ruracio," Tata Nyambura akasema kwa sauti ndogo. Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Kariuki akainuka. Mjomba akamkamata koti.

"Kaa chini."

"Mjomba, saa zinakwenda."

"Kaa chini, wewe. Ukikanyagwa ataolewa na kaburi?"

Akakaa. Hakuniangalia. Aliangalia pikapu tu, midomo inacheza kama mtu anayehesabu, na machozi yanamtoka bila kujipangusa.

Walipoondoka, upande mmoja wa pikapu ulikuwa umebonyea na mlango haufungi. Tuliufunga kwa kamba. Saa sita ilitukuta Meru. Kutoka hapo ni matope. Tulisukuma gari mara ambazo sikuzihesabu, na sikuona mandhari yoyote. Mgongo wa mlima ulikuwa ndani ya mawingu siku nzima.

Tulifika Kianyaga jua linaelekea kuzama. Viti vya wageni vilikuwa vimesharudishwa ndani. Wambui alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni na nguo yake mpya. Mzee mwalimu akaja mpaka langoni, hakulifungua.

Mjomba Gathogo akavua kofia. "Mzee, tusamehe. Daraja la Karatina limekatika, tukazunguka mlima, ndovu wakatumalizia mzigo njiani."

Mzee akatutazama mmoja mmoja, matope yetu na gari letu.

"Gathogo, dada yangu amekuja hapa leo kutoka Karatina. Amevuka daraja hilo asubuhi. Yuko ndani, nimwite?"

Mjomba akaigeuza kofia mikononi.

"Hayo ya ndovu ningeweza kuyaamini, maana naona gari. Lakini la daraja ni uongo. Nani amekuambia daraja limekatika?"

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwa Mjomba. Kama ningesema "ni mimi, mzee, nilitaka kutembea," aibu ingekuwa yangu peke yangu. Angeniona mjinga, na pengine angecheka. Lango lingefunguka. Najua lingefunguka, kwa sababu aliuliza kwa sauti ya mtu anayetafuta njia ya kutusamehe.

Nikainama nikaanza kukwangua matope kwenye suruali. Mjomba alinisubiri, kisha akaelewa. Kwa kuwa huwezi kumtoa mtoto wa dada yako uchi mbele ya wakwe, akasema, "Kosa ni langu, mzee. Nilisikia vibaya."

"Msemaji anayedanganya langoni," mzee akasema, "akiingia ndani atatuambia nini?" Akatutakia safari njema. Wambui aliingia jikoni, na mlango ukafungwa taratibu.

Aliolewa Embu kabla ya Krismasi. Kariuki aliuza kitanda na kabati, ile meza akaiacha kwa mama, akaenda kufanya kazi ya useremala Nanyuki. Hajaoa. Akija nyumbani hunisalimia kwa mkono, kama mtu wa ofisini. Mjomba Gathogo hakunisema kwa mtu hata mmoja. Alikufa watu wakiamini kwamba yeye ndiye aliyeharibu posa ile, na kwenye mazishi yake nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

Mke wangu amenishauri niende nikamwambie Kariuki kwamba lile la daraja nililitunga mwenyewe. Nimwambie ili afanye nini? Wambui ana watoto wanne. Mzee mwalimu naye hayupo. Hakuna lango la kwenda kusimama. Nimekaa na ukweli ambao hauna mtu wa kumsaidia, na bado unanikaba.

Kwa hivyo wewe unayesoma, kama umechoka kuona ukuta wa nyumba yako, sema hivyo. Sema mbele ya watu, "Nataka kutembea, nataka kuona ndovu." Watakucheka, na kicheko kitaisha. Usijifiche nyuma ya safari ya mtu mwingine. Na kama umeshajificha, ukiulizwa langoni, jibu. Usimwache mtu mzima avue kofia kwa ajili yako.

Kariuki husoma gazeti hili, najua, maana humfungia mama vitu kwa kurasa zake. Jina nimebadilisha lakini ndovu nimewaacha walivyokuwa. Akifika pale kwenye mtaro atajua ni nani anayeandika. Nimeiandika nikijua hivyo, na sasa siwezi kuirudisha.