Fimbo ya Kimo Changu

Meza ya pool ilipoletwa kwenye baa ya jirani, kule Bombambili, nilikuwa nimeshazoea kushinda bila kusema na mtu. Shirika tulilofanyia kazi mimi na mume wangu lilikuwa limefungwa. Yeye akaenda Dar es Salaam kutafuta riziki. Mwanzoni alituma salamu kupitia madereva wa malori, baadaye salamu zikakatika. Mimi nikabaki na cherehani, nikishona sare za shule barazani. Wateja walikuja, wakapimwa, wakaondoka.

Mwenye baa, mama mmoja mtu mzima, alinionea huruma. Akaniruhusu nicheze mchana, wakati wanaume wako makazini au mashambani. Nilicheza peke yangu, nikipiga zamu yangu na zamu ya mpinzani nisiyekuwa naye. Mkono wangu ulikuwa mzuri, nadhani kwa sababu ya kushona. Lakini mimi ni mfupi, na fimbo za pale zilikuwa ndefu, tena zimepinda kwa kuegeshwa ukutani. Nikatamani kuwa na yangu.

Fundi wa kwanza alikuwa wa vitanda, huko Majengo. Nilimwambia nataka fimbo ya pool, akauliza kimo cha mume wangu. Nilipomjibu kwamba ni ya kwangu, aliweka randa chini akawasimulia wenzake, wakacheka. Kazi aliipokea hata hivyo. Aliyonipa baadaye ilikuwa nene kama mpini wa jembe, imepakwa vanishi. Nilimshukuru, nikaifanya ya kuanikia nguo.

Nikaona nimeanza vibaya. Nilimpa mtu jina la kitu ambacho hajawahi kukishika, nikategemea akione kichwani kama nilivyokiona mimi. Mara ya pili nilimwomba mwenye baa fimbo moja iliyovunjika, nikaenda nayo Peramiho kwa mzee mmoja aliyekuwa akikereza miguu ya viti na vinara vya mishumaa.

Nilimkuta peke yake karakanani, redio ikikwaruza bila kushika stesheni. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa kwenye gogo, nikangoja aniulize shida yangu. Aliponiuliza nikampa kile kipande. Alikigeuzageuza kwa muda mrefu. Akataka kujua kinachogongwa ni nini na kina uzito gani, na ile ngozi ya mbele ni ya kazi gani. Nilimjibu niliyoyajua. Kisha akaniomba niinamie benchi lake kama vile nacheza. Niliona haya, mwanamke mzima kuinama mbele ya mzee, lakini nikainama. Yeye alisimama mbali, akanirushia kamba nijipime mwenyewe.

"Unacheza na nani?" akauliza.

"Peke yangu."

Akaikunja ile kamba taratibu. "Tangu mke wangu afariki, nakereza vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza," akasema. "Wewe angalau umeagiza."

Hakuniahidi kitu. Alisema atajaribu mninga mkavu, kitako akiunge kwa mpingo ili kiwe kizito, na ikipinda ataitupa aanze upya. Ya kwanza ilipinda kweli. Ya pili ikapasuka pale kwenye kiungo. Nilikuwa nikienda kuangalia, na baada ya muda nikawa naenda hata nikijua hakuna cha kuangalia. Hatukuzungumza mengi. Yeye alikereza, mimi nilipindia vitambaa nilivyokuja navyo, na jua likianza kushuka nikaaga.

Kabla ya fimbo kwisha, mfanyabiashara mwenye ile meza aliihamishia Mbinga, kwenye watu wenye pesa za kahawa. Nilikwenda baa mchana nikakuta alama za miguu ya meza kwenye sakafu na viti vimepangwa mahali pake.

Mzee aliponipa fimbo, ilipita katikati ya vidole vyangu kama uzi kwenye tundu la sindano. Nikamweleza kwamba meza haipo tena.

Akaondoa zana zote benchini, akaokota vipande vya mbao, akakereza mipira miwili huku nikimtazama. Akaiweka benchini, akarudi nyuma.

"Piga nione," akasema.

Nikapiga. Mpira haukuwa mviringo sawasawa. Ulikwenda kombo ukaangukia kwenye maranda. Akauokota, akaupangusa kwa shati lake, akaurudisha. Nikapiga tena. Baadaye nikampa fimbo ajaribu naye, akakosa, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka. Tulifanya hivyo mpaka akanikumbusha kwamba gari la mwisho la kwenda mjini haliningoji.

Nilirudi na fimbo imefungwa kwenye kanga. Nikaisimamisha kando ya kitanda, upande usiolaliwa na mtu, nikakaa nikaitazama mpaka chumba kikawa giza, kisha nikainuka kuwasha taa.