Vifungo Juu ya Paa la Zahanati

Baba mkwe wangu alitunza stoo ya zahanati miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakupoteza hata mkasi. Ukitaka balbu mpya, unamkabidhi ile iliyoungua, unasaini, ndipo anainuka kwenda kuitafuta. Nyumbani ni hivyo hivyo. Makochi yake bado yamo ndani ya nailoni ya dukani. Nilipokwenda kuposa nilikalia nailoni hiyo, na kila nikijisogeza ilipiga kelele, nikaona aibu mpaka nikawa napumua kidogo kidogo. Nilipopewa mke nilidhani angenitaka nisaini.

Kitu kimoja tu kilimponyoka: jenereta. Siku hizi mvua zinakuja kwa hasira, na mwaka juzi mto uliingia zahanati, ukaizoa jenereta ya dizeli pamoja na pipa lake. Mzee aliandika barua kumi na moja za kujieleza. Moja ilijibiwa kwamba aeleze kwa nini hakuuzuia mto. Nyingine ikamtaka aambatanishe sahihi ya aliyeichukua. Alikonda, nakwambia. Basi mradi wa nishati safi ulipoleta sola sita za kuwekwa juu ya paa, naye amebakiza miezi miwili astaafu, aliapa kwamba hizi atazikabidhi kama zilivyopokelewa.

Mimi ni fundi cherehani. Alikuja kibandani kwangu na vipimo kwenye karatasi: vifuniko sita vya turubai, bitana ndani, vifungo vinne kila kimoja. Sikuuliza ni vya nini. Baba mkwe haulizwi ulizwi. Nilishona kwa moyo wote, nikaweka vifungo vikubwa vya kahawia, vya koti, nikampa na ushauri wa bure: kitambaa chochote kikikaa juani kinapauka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo zito.

Wiki nne baadaye, siku ya Jumatatu, nilikuwa zahanati na binti yangu wa miezi tisa mkononi. Ilikuwa mara ya tatu tunakwenda. Surua ilikuwa imeingia mtaa wa pili, watoto wanne walikuwa wamelazwa, na mke wangu nyumbani hali wala halali. Nesi aliponiona tu akatikisa kichwa.

"Rudi wiki ijayo. Friji haipoi, na chanjo haziletwi mpaka ikae na baridi siku mbili mfululizo."

"Na jua lote hili?"

"Hata mimi nashangaa. Fundi kaja mara mbili, anasema betri hazina kitu."

"Juu hajapanda?"

"Ngazi anayo mkweo. Anasema haitoki bila kibali."

Nikatoka nje, nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikatazama paa. Nikaviona vifungo vyangu. Ishirini na vinne, vya kahawia, vimefungwa vyote bila kurukwa hata kimoja. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, hilo siwezi kulikataa.

Nikaenda stoo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Saini hapo, kitabu cha wageni."

Nikasaini. "Baba, zile sola zinatakiwa zipigwe na jua."

"Mchana kutwa?" Alinitazama kwa huruma. "Si wewe mwenyewe uliniambia kitu kikikaa juani kinapauka?"

"Kitambaa, baba!"

"Mkaguzi anakuja Ijumaa. Akishasaini kwamba ziko kama zilivyopokelewa, mimi nastaafu, mtazifanya mnavyotaka. Barua ya kumi na mbili siandiki."

Hapo heshima ya ukwe ikanitoka. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa naogopa. Nikamkalisha mtoto juu ya meza, karibu na daftari lake.

"Basi mpokee na huyu. Andika hali yake ya leo. Ijumaa nitakuja kumkagua, nione kama yuko vile vile."

Mtoto akaikamata kalamu, akaitia mdomoni. Mzee hakumnyang'anya, na kalamu ile ni mali ya serikali. Alingoja mpaka ilipotemwa, akaifuta, akaandika: Mtoto, mmoja, mzima. Aliutazama mstari ule muda mrefu. Halafu akachukua ufunguo wa ngazi.

Nilimwambia avute tu vile vifuniko, akakataa, maana navyo vimeingia daftarini. Alipanda mwenyewe na magoti yake mabovu, akafungua vifungo kimoja kimoja, akavikunja vifuniko na kunishushia. Kufika mchana friji ikaanza kunguruma. Alhamisi chanjo zikaletwa.

Ijumaa asubuhi mkaguzi akaja na fomu yake. Siku nne zile sola zilikuwa zimeshika vumbi, na kunguru nao walikuwa wamezipitia.

"Ziko kama zilivyopokelewa?"

"Hapana," akasema baba mkwe.

"Mzee, si ungezifunika! Zahanati ya kule mlimani za kwao bado zimo kwenye maboksi, zinang'aa."

"Nilizifunika. Nikazifunua."

"Basi faili lako la kustaafu linarudi makao makuu, na utaandika barua ya kujieleza. Chanzo cha uchakavu niandike nini?"

"Jua."

Mkaguzi akaandika, kisha akauliza jua hilo lilitokea upande gani.

"Mashariki," mzee akajibu.

Hapo binti yangu akapiga ukelele chumba cha pili. Nesi alikuwa amemchoma. Baba mkwe alimwacha mkaguzi kalamu ikiwa hewani, akaenda, akampokea mjukuu wake kwa nesi, akaukagua mkono, akarudi naye stoo. Akafungua daftari kwenye mstari wa Jumatatu na kuongeza polepole, huku mtoto akimlilia sikioni: Ametobolewa mkono. Mzima.

Kisha akanisogezea daftari.

"Saini," akasema, "umpokee."

Nikasaini.