Mkomunisti wa Guildford

Mwaka wa kwanza wa korona, Wamarekani walipokuwa wakijiandaa kupiga kura, mjomba wangu alikaribia kumpoteza rafiki yake pekee hapa Guildford kwa sababu ya neno ambalo hata yeye asingeweza kulieleza.

Rafiki huyo alikuwa jirani yetu, Mkongo aliyefanya kazi ghalani na kuongoza ibada yetu ya Kiswahili, ambayo wakati ule ilikuwa imehamia kwenye simu. Mjomba ni Mtanzania aliyelelewa katika utani, naye alikuwa amemtawaza jirani kuwa mtani wake. Kwetu mtani ana ruhusa ambayo hata ndugu hana: atakuita mtumwa wake msibani, atakunyang'anya nyama sahanini, nawe huruhusiwi kununa. Basi mjomba alimtangaza jirani kuwa mla sombe, yaani kisamvu cha kwao, asiyeshiba, na jirani akajibu kwamba Watanzania husalimiana mpaka chakula kinapoa. Waliishi hivyo kwa raha.

Kisha zikaja video za uchaguzi wa Marekani. Mjomba, aliyekuwa amepunguziwa zamu za kusafisha ofisi, alizitazama kutwa, na msamiati wake ukabadilika. Jumapili moja jirani aliomba katika ibada kwamba Mungu awape Wamarekani kiongozi mwenye huruma kwa wakimbizi. Mjomba akacheka, akasema wote wakisikia, "Kumbe leo tunaongozwa na mkomunisti."

Hakuna aliyecheka naye. Jirani alimaliza sala kwa sauti ndogo, akakata simu. Jumapili iliyofuata hakuonekana. Mjomba aliongoza ibada mwenyewe, akapotea katikati ya zaburi.

"Ulikuwa utani tu," aliniambia baadaye. "Mtani hanuni."

Nilikuwa nasoma siasa chuoni, na niliamini kwamba maana sahihi huponya. Nikamweleza kuwa mkomunisti ni mtu anayetaka mashamba na viwanda viwe mali ya wote. Kwamba wengi wanaobandikwa jina hilo Marekani hawajapata kutaka jambo kama hilo. Na kwamba wao nao huwaita wapinzani wao mafashisti kwa wepesi uleule. Mjomba alinisikiliza kwa subira.

"Sawa, mpwa wangu. Nimekuelewa. Sasa yeye atarudi vipi?"

Hilo sikuwa nimelisoma. Jumamosi mjomba alikwenda mwenyewe hadi uzioni na kumwita. Jirani alikuja, akakaa kwenye kiti cha plastiki mwisho wa ua, barakoa ikiwa kidevuni. Nilileta chai.

"Ndugu yangu, mimi nilikutania."

"Hapana, baba. Sombe ni utani. Sombe weye mwenyewe unakulaka kwangu. Ile ingine uliitoa wapi?"

"Kwenye simu."

"Basi haikukuwa yako. Kule kwetu mutu anapewa jina na watu wenye hawamujue, kisha jirani naye analiitikia, na mutu anafukuzwa kwake. Ile njo iliniogopesha."

Mjomba aliinamisha kichwa. "Nisamehe."

"Nilisha kukusamehe. Lakini uniambie: yule mzee wa Marekani ninamuombea ashinde, unamuogopea nini?"

Lilikuwa swali ambalo video hazikuwa zimemuuliza. Mjomba aliweka kikombe chini. Alisema anaogopa makanisa yatabanwa, na kwamba vijana watazoea kulishwa bila kufanya kazi. Jirani alisema yeye anaogopa milango kufungwa, kwa kuwa dada yake bado yuko kambini. Na kwamba angependa maskini wa Marekani atibiwe kama tunavyotibiwa sisi hapa.

"Ah, kwa hospitali sibishani," mjomba akasema. "Walinipasua hospitali ya hapa na hawakuniuliza nina nini mfukoni."

"Sasa nani komunisti?"

"Kunywa chai yako."

Walibishana mpaka jua likahamia upande wa pili wa ua, kila mmoja akisema jambo alilolitaka au kuliogopa, na tangu hapo sikusikia hata mara moja jina la chama wala la itikadi. Mjomba hakubadili upande. Wala jirani. Nami, niliyekuwa nimejiandaa kuwasuluhisha kwa fasili zangu, niliona furaha kuwa mtu wa kujaza vikombe.

Kesho yake jirani aliongoza ibada. Aliwaombea Wamarekani wa pande zote mbili, kisha, kwa ufupi, mgombea wake. Mjomba aliitikia amina kila mahali isipokuwa hapo, hapo alikohoa.