Nywila ya Watu Watatu

Nilipokaribia kumaliza kuweka seva ya mradi wa maji kule Mbumbuni, kamati ilinipigia makofi, nami nikavimba kichwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wiki nzima nilikuwa nimekaa kwenye stoo ya kanisa, kati ya magunia ya ndengu na spika mbovu, nikipakua programu kwa intaneti ya simu iliyokatika kila wingu lilipopita. Nilisakinisha hifadhidata, nikaunda majedwali: la wanachama, la laini za mabomba, la zamu za kufunguliwa maji. Yote yalisomana vizuri. Kilichobaki ni nywila ya msimamizi mkuu.

Hapo kamati ikaamka. Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu anayeongea kana kwamba bado yuko paredi, alitangaza kwamba sanduku la kikundi lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu, kwa hivyo database nayo itafungwa hivyo hivyo. Nikaeleza kuwa nywila si sanduku. Akaniuliza kama nilisomea kubishana na wazee.

Basi ikafanywa. Mwenyekiti aliandika kipande chake kwa kidole kimoja huku wenzake wakitazama ukuta. Katibu akaandika chake akiwa amefunika kibodi kwa kofia. Mweka hazina, mama wa kanisa asiyeamini hata huo ukuta, alitutoa nje sote, tukasimama juani akitafuta herufi. Na kwa kuwa mashine huuliza nywila mpya mara mbili, tamasha likarudiwa. Wakapitisha pia kwamba jedwali la laini lisiguswe ila kwa nywila hiyo. Nilicheka njia nzima hadi Kitui, ninakofanya kazi.

Kicheko kiliisha mama yangu, anayelima huko Mbumbuni, alipochimbiwa laini mpya. Alikuwa na miche mia mbili ya maembe aliyoipandikiza mwenyewe, na mfungua maji alikuwa ameamriwa asifungue laini isiyo kwenye orodha ya seva. Nikarudi kuiongeza. Mwenyekiti alikuja, katibu akaja. Mweka hazina alikuwa Mtito Andei kwa binti yake aliyejifungua, na hangerudi kabla ya wiki mbili. Kwa simu alikataa kutaja kipande chake. Ufunguo wa kikundi, alisema, hautumwi. Mwenyekiti akamsifu kwa msimamo, tukafunga kwa maombi. Miche ilikuwa imeanza kukunja majani.

Sikuomba ruhusa. Walipotoka nilifungua faili ya mipangilio, nikabadilisha neno moja ili hifadhidata isimwulize nywila aliye mbele ya mashine, nikaingia, nikaongeza laini ya mama, nikarudisha neno lilivyokuwa. Haikuchukua hata dakika tano. Nilijiona mjanja kuliko kata nzima.

Jioni maji yalitoka. Mama alinyunyizia safu zote, kisha akaweka kopo chini.

"Mweka hazina amerudi?"

"Hapana, mwaitu," nikamjibu mama kwa Kikamba.

"Sasa ni nani alifungua?"

Nikamweleza, nikitarajia sifa. Nikamwambia kwamba mimi niliyeiweka seva naweza kuingia nikitaka, na ningeweza tangu siku ya kwanza, kwa nywila au bila nywila.

"Na wao wanajua?"

Niliona aibu, na aibu ikanikasirisha, nikamkumbusha kwamba miche iliyokuwa ikifa ni yake, si ya mwenyekiti.

"Miche ni yangu," akasema. "Maji ni ya watu wote. Kesho utawaambia."

Niliwaambia wanachama wote uani kwa kanisa, mweka hazina akisikiliza kwa simu iliyolazwa mezani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nikapewa heshima, ambayo ni mbaya zaidi. Mwenyekiti alinishukuru kwa kusema ukweli. Akasema kikulacho ki nguoni mwako. Kisha akauliza ni nani anayeunga mkono mashine izimwe na orodha irudi kwenye daftari, ndani ya sanduku. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa mama yangu, bado una udongo wa miche kwenye kucha.