Kinyaa cha Mama Eudocia

Katika soko la nguruwe la Pampacruz, huko milimani Peru, mtu mwenye akili zake hakununua mnyama kabla Eudocia Ccahuana hajamtia vidole mdomoni. Wanaume wawili walimwangusha nguruwe ubavu, mmoja akamkandamiza shingo kwa goti, mwingine akampachika kijiti kati ya meno. Hapo Eudocia alichuchumaa, akaushika ulimi kwa kitambaa, akauvuta wote nje na kuupapasa upande wa chini. Alikuwa akitafuta punje: vivimbe vidogo, vigumu, vya ukubwa wa shayiri, vilivyojificha chini ya ngozi. Akivikuta, alitema mate pembeni na kusema, "Ana punje," na mwenye nguruwe akaondoka naye amenuna.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na ishirini kati ya hiyo aliimaliza kwenye vinywa vya nguruwe, lakini hakuwahi kuvizoea. Udenda ulimtiririka hadi kwenye kiwiko. Pumzi ya wale wanyama ilinuka maganda ya viazi yaliyochacha pamoja na mavi ya watu, maana nguruwe wa Pampacruz walizurura nyuma ya vyoo na kula walichokikuta. Soko likiisha, Eudocia alijisugua kwa klorini mpaka mikono ikapauka, na hata hivyo hakula mchana kutwa.

Kinyaa ndicho kilikuwa tabia yake na fahari yake. Hakunywa chicha, ile pombe ya mahindi, katika kikombe cha mtu mwingine. Sufuria zake alizisugua kwa majivu mpaka ukaweza kujitazama usoni. Tangu mumewe afe, nyumba ilibaki na watu watatu tu: yeye, mwanawe Wilber, na mke wa Wilber, Nélida, ambaye kosa lake la kwanza lilikuwa kuzaliwa kwenye bonde la joto kule chini. Watu wa bondeni, kwa maoni ya Eudocia, walikuwa wachafu tangu tumboni mwa mama zao. Alimchungulia Nélida akimenya viazi, akachungulia kucha zake, akachungulia hata jinsi anavyopenga kamasi.

Kisha Wilber akaanguka. Alikuwa shambani akichimba viazi, jembe likamtoka, akapinduka mgongo, macho yakageuka meupe, povu likamtoka mdomoni na mkojo ukamlowesha suruali. Wiki mbili baadaye akaanguka tena, safari hii kando ya meko, akaungua mkono. Hospitali ya mjini ilimpiga picha ya kichwa. Daktari akawaonyesha madoa matatu meupe ndani ya ubongo wa kijana wa miaka ishirini na sita, akasema ni punje. Zile zile za nguruwe.

Eudocia alitoka nje akatapika ukutani. Aliporudi alikuwa tayari amekwisha kata kesi.

"Ni huyu," alimwambia Wilber mbele ya mkewe. "Mimi nikiwa sokoni, yeye ndiye anayepika. Anajua ananunua nyama kwa nani? Kwa ndugu zake wa bondeni, wanaouza nguruwe wa punje gizani."

"Mama, sijawahi kununua nyama mahali popote," Nélida alisema. "Nyama yote humu ndani unaleta wewe."

"Nyamaza. Mikono yako inanuka kuku."

Tangu siku hiyo Nélida hakuruhusiwa kugusa mwiko. Eudocia alipika kila kitu kwa mkono wake, asubuhi, mchana na jioni, na pilipili alizisaga mwenyewe kwenye jiwe, akizikusanya kwa kiganja kitupu, kama Wilber alivyozipenda. Baada ya mavuno, alisema, mwanamke huyo atarudi kwao. Wilber, aliyekuwa amelegea kwa dawa za kifafa, alitazama sakafu wala hakubisha. Nélida akaanza kukunja nguo zake, moja moja.

Siku tatu kabla ya safari, nesi wa zahanati, Hermelinda, alipanda kilima akiwa na makopo mawili ya plastiki yenye vifuniko.

"Choo kidogo tu, Mama Eudocia. Ukubwa wa njegere unatosha. Wewe na mkweo. Wilber alishapimwa hospitali, tumboni hana kitu."

"Nikubebee mavi yangu mkononi kama zawadi? Mpe huyo. Mimi nimepima nguruwe miaka ishirini, binti. Wa punje hajavuka mlango huu."

"Hatutafuti nguruwe," nesi alisema, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Nisikilize. Ukila punje mbichi, mnyoo unaota tumboni mwako. Huo mnyoo unataga mayai, mayai yanatoka na choo. Mtu mwingine akiyameza, yanampanda kichwani na kuwa punje. Wilber hakula nyama mbaya. Wilber alikula mayai, kwenye chakula, kutoka mkononi mwa mtu mwenye mnyoo. Tunamtafuta huyo mtu."

Eudocia alimtazama Nélida kwa ushindi mtupu. Akalichukua kopo lake, ili tu Nélida asipate kisingizio cha kulikataa la pili.

Siku mbili baadaye aliitwa zahanati peke yake. Alikwenda amevaa kofia yake nzuri, akidhani anaitwa kushauriana juu ya mkwe. Hermelinda alifunga mlango.

"Nélida ni msafi. Mnyoo unao wewe, mama."

Eudocia alicheka. Nesi hakucheka.

"Ndimi zote nilizozipitisha zilikuwa safi," Eudocia alisema.

"Ulimi unaweza kuwa safi na pajani zimo punje mbili tatu. Nyama mbichi hujala?"

"Mimi? Nile nyama mbichi?"

"Hata kidogo? Unatengeneza soseji, wewe."

Ni kweli, alitengeneza soseji, na watu wa Pampacruz walizisifu kwa chumvi yake. Kila mara alipomaliza kukanda nyama ya kusaga kwa vitunguu saumu na pilipili, alichota kidogo kwa ncha ya kidole, akaitia ulimini na kuimeza, kama mama yake alivyofanya na wanawake wote wa kilima kile wanavyofanya.

"Kuonja chumvi siyo kula," alisema.

Hermelinda akaandika kitu kwenye karatasi. "Na chooni, hujawahi kuona vipande vyeupe? Bapa, kama mbegu za boga?"

"Mimi siangalii. Mtu mwenye heshima zake anaangalia nini kule?"

Hakuwa anadanganya. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiingia chooni ameziba pua, macho juu kwenye bati, na akitoka mbio kana kwamba aliyekuwemo ni mtu mwingine. Ndoo ya maji ilikuwa mbali, maji yenyewe baridi ya kukata vidole. Alijipangusa mikono kwenye aproni akarudi jikoni. Klorini ilikuwa ya uchafu wa nguruwe na wa watu wengine. Wa kwake hakuwahi kuuhesabu kuwa uchafu.

"Kwa hiyo ni mimi niliyemlisha mwanangu?"

"Siwezi kukuapia kwamba mayai yalikuwa yako. Hayo madoa yanaweza kuwa ya miaka mingi. Lakini ukiniuliza ninavyodhani, ndiyo." Nesi akamsogezea vidonge. "Hii ni siri yako na zahanati. Sitamwambia mtu."

Alimeza vidonge pale pale, na baada ya saa mbili dawa ya kumfanya aharishe. Akaketishwa juu ya ndoo yenye maji ya uvuguvugu katika chumba cha nyuma, na safari hii nesi alimwamuru atazame. Ulikuwa utepe mweupe, bapa, wenye vipande vilivyoungana kimoja baada ya kingine, urefu wa mita tatu na ushee, umejikunja ndani ya kinyesi chake. Upande mmoja ulichongoka ukawa mwembamba kama uzi. Vipande viwili vilikuwa vimekatika, na kimoja kilikuwa bado kinajinyonganyonga, kikijivuta juu ya plastiki kutafuta njia. Eudocia alijisikia kuuvua mwili wake wote na kuuacha humo ndoani. Kitu hicho kilikuwa kimelala ndani yake wakati anawatemea wenzake mate. Kilikula soseji zake. Kilikuwepo hata alipokuwa akichungulia kucha za Nélida.

Kesho yake mchana alikuta furushi la Nélida limefungwa kwa kamba mlangoni. Supu ya kondoo aliipika mwenyewe, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Wilber akaketi, akachovya mkate kwenye pilipili, akala. Nélida alibaki amesimama na shali yake ya safari. Nesi asingesema. Lori la bondeni lingepita saa nane, na hadithi ingeisha hapo, mkwe mchafu karudishwa kwao.

"Mnyoo ulikuwa wangu," Eudocia alisema. "Umetoka jana kwenye ndoo, zahanati. Nélida hana kitu. Punje za kichwani mwako, mwanangu, zimetoka mikononi mwangu."

Wilber aliacha kutafuna. Aliutazama mkate, akaitazama mikono ya mama yake juu ya meza, akautema mkate kwenye sahani na kutoka nje. Wakamsikia akitapika kando ya ukuta.

Nélida alivua shali. Akaichukua sahani, akaimwaga supu yote shimoni nyuma ya nyumba, na sufuria nzima pia, kisha akarudi akasimama mbele ya meko.

"Mama, nipe mwiko."

Eudocia akamnyooshea. Nélida hakuupokea.

"Weka chini."

Akauweka. Nélida akachemsha maji, akaumwagia mwiko kuanzia mpini, akausugua kwa majivu, akaumwagia tena, ndipo akaushika.