Pembe za Mama Jasinto

Wapo wanaosema sisi wanawake wa kisomo tulikuwa tunapiga soga tu. Waseme. Mimi Mwajuma nilikuwepo, na darasa langu la nne linanitosha kuandika nilichokiona.

Zulmira, mama Jasinto, alivuka Ruvuma na mtoto mgongoni wakati wa vita vya Msumbiji, akapewa shamba kijijini kwetu, njia ya Mpapura. Herufi alizijulia ukubwani, kwenye kisomo, mwaka sabini na mbili. Kitabu alichokipenda kilikuwa cha watoto. Mchwa walishakula jalada, hata jina lake hatukulijua. Kilimhusu binti aliyeingia ndani ya mtungi wa bibi yake, akakuta nchi ambayo fisi wamelifungia jua ghalani. Yule binti, kimo chake hakizidi kinu, akaenda kulidai.

Tulipomenya muhogo wa kuanika makopa, Zulmira alisoma, nasi tukamenya fungu lake. Kikiisha tulimwambia aanze upya. Kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Ukisimulia unaota pembe. Lakini kusoma tuliona hakuna neno, maana anayesema ni karatasi. Na usiku nani ana nafasi? Kila mtu na mume wake na chungu chake.

Siku moja akatokea Bwana Abdallah, msimamizi wa kisomo.

"Mama Jasinto, watu wazima na fisi wanaosema? Someni kile cha mbolea."

"Mwanangu, jembe ninalo na mikono ninayo. Jua ndilo halijatoka ghalani."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Alikitia kitabu mkobani, akapanda baiskeli yake.

Kesho yake tulimenya kimya kama tuko matangani. Fatuma, jirani yangu, neno likamponyoka: "Ndipo binti akagonga mlango wa ghala..." Akajiziba mdomo, akatazama juu. Jua lilikuwa utosini.

Zulmira akaweka kisu chini.

"Nimevuka mto risasi zinalia, leo niogope pembe? Zikiota nitaanikia kanga."

"Na ukienda kisimani?" Fatuma akauliza.

"Nitabebea ndoo mbili!"

Akaanza kusimulia, mchana kweupe. Alipokosea tulimsahihisha kwa kelele. Aliposahau, mwingine alipokea. Wazee walipita wakitema mate. Hatukunyamaza.

Bwana Abdallah akarudi. "Kitabu ninacho mimi. Mnasoma nini?"

"Hatusomi, mwanangu. Tunaota pembe. Chukua kisu umenye, au pita."

Akapita. Kitabu hakijarudi mpaka leo, na hatukukiomba.

Zulmira tulishamzika. Wajukuu zangu bado hunijia saa sita mchana: "Bibi, mtungi!" Watu huniuliza hadithi ya kitoto inanishika nini uzeeni. Nawajibu, fisi wamekwisha? Kisha nasimulia. Mdogo wao hunipapasa kichwa kwanza.

"Bibi, hakuna kitu."

"Papasa vizuri," namwambia.